Fundi Anayechora Maji

Siku ya kwanza kumkuta kwenye kazi hii, fundi alikuwa anakata boksi. Lilikuwa boksi la juisi aliloliokota duka la chini, na alilikata taratibu kwa kisu cha karatasi, rula ya chuma imelalia mstari wa penseli. Alipomaliza alilikunja, akalibana kwa selotepu, akaweka mezani kitu mfano wa tofali jembamba: urefu milimita 400, upana 120, unene 55.

"Hii ndiyo rejeta ya juu," akaniambia.

Rejeta yenyewe haikuwepo. Ilikuwa bado hata haijaagizwa.

Nilikuwa nimepanda kwenye karakana yake, ghorofa ya pili huko Kijitonyama, kufuata laptopu yangu iliyomwagikiwa chai. Laptopu ilikuwa tayari, chai nyingine ikamiminwa, nikakaa. Nimerudi mara sita baada ya hapo, na siku zote sita nilikuwa sina kitu kibovu cha kumpelekea.

Kompyuta iliyokuwa mezani ni ya dada mmoja anayetengeneza katuni za matangazo. Kazi yake huiachia mashine usiku, mashine ichakate picha moja moja mpaka alfajiri, naye analala chumba hichohicho. Mwezi wa pili, Dar es Salaam haina usiku wa baridi. Feni zilikuwa zinaunguruma kama daladala inayopanda mlima, na joto likizidi mashine inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, kazi ya usiku mmoja inakuwa ya usiku na nusu. Akaja anataka ipozwe kwa maji.

Kitu cha kwanza alichofanya fundi ni kumkatalia. "Dada, nitakufungia kipoza kikubwa cha feni, bei yake ni robo ya hii, na hakina maji ya kuvuja." Akamweleza pia jambo ambalo wauzaji huliruka: maji hayaleti baridi. Hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Yanachofanya ni kuliokota joto pale lilipobanana, kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha au stempu, na kulipeleka kwenye rejeta, mahali penye nafasi, likapepewe. Joto lenyewe litabaki humohumo chumbani. Dada akasikiliza yote, akasema anataka kulala. Hapo fundi akavuta karatasi.

Karatasi ya kwanza haikuwa na mchoro, ilikuwa na hesabu. Prosesa ya dada ni Ryzen 9 5950X, na boksi lake limeandikwa wati 105. Fundi hakuandika 105. Aliandika 142, kwa kuwa hicho ndicho kiwango ambacho mazabodi huiruhusu kula ikibanwa na kazi, na kazi ya dada ni ya kubana. Kadi ya picha ni RTX 3090, wati 350. Jumla 492. Akafuta, akaandika 500. Chukua pasi ya umeme ya wati 1,000, igawe nusu, iwashe usiku kucha ndani ya sanduku la chuma: huo ndio mzigo wake.

Mafundi wa kazi hii wana kanuni yao ya mkononi. Rejeta hupimwa kwa feni zinazoikalia, na feni ya kawaida ina milimita 120. Kila nafasi ya feni moja, feni ikizunguka kwa upole, huondoa kama wati 100 huku maji yakiwa na joto la nyuzi 10 hivi juu ya hewa ya chumba. Ukitaka maji yapoe zaidi ya hapo, ongeza rejeta au ongeza kelele. Wati 500 zikadai nafasi tano. Ndani ya keisi ya dada, nafasi tano maana yake ni rejeta mbili: ya feni tatu juu, ya feni mbili mbele. Chumba kikiwa na nyuzi 30, maji yatakuwa 40. Aliiandika 40 hiyo pembeni, akaizungushia duara, kisha akaweka alama ndogo ya kuongeza. Rejeta ya juu itavuta hewa ya ndani ya keisi, iliyokwisha kupashwa na rejeta ya mbele, kwa hiyo haitafanya kazi yake yote. "Tuseme 42," akasema, kama mtu anayemkadiria mkwe ili asije akaaibika baadaye.

Baada ya hesabu ndipo yakaja maboksi. Rejeta inayoitwa ya 360 haina urefu wa milimita 360. Hizo ni za feni tatu tu. Rejeta ina vichwa viwili, mwanzo na mwisho, ambamo maji hugeukia, na vichwa hivyo huifikisha karibu 400. Wengi wamelijua hilo baada ya mzigo kufika kutoka China. Yeye aliiingiza rejeta yake ya boksi ndani ya keisi, akaisukuma juu ya paa, kidole kikitafuta pale inapogusa. Kutoka paa la keisi hadi vipande vya juu vya mazabodi kulikuwa na milimita 62. Rejeta nyembamba ina unene wa 30, feni 25, jumla 55: inaingia, na milimita saba zinabaki za waya. Rejeta nene ya 45 ingefika 70, nayo ingekalia vipoza vya mazabodi. Mbele kulikuwa na nafasi zaidi, kwa hiyo huko akaipanga ile ya 45. Kisha akapima kutoka ncha ya kadi ya picha hadi feni za mbele. Milimita 38. Akapima tena kwa kaliperi, kwa sababu hapo lazima bomba la milimita 14 lipite na fitingi yake.

Kadi ilimchukua usiku mzima. Bloku, yaani kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji, hainunuliwi kwa jina la kadi. Kampuni moja inaweza kuwa imetoa RTX 3090 za aina kadhaa, kila moja na ubao wake, na bloku ya ubao mmoja haikai kwenye mwingine: tundu la parafujo linahama milimita mbili, kapasita inainuka pale ambapo shaba inataka kulala. Kwa hiyo aliifungua kadi. Parafujo alizipanga kwenye karatasi aliyoichora umbo la kadi, kila moja mahali ilipotoka, akaangaza tochi ya simu kutafuta namba ya ubao iliyochapwa pembeni kwa herufi ndogo za kijivu. Akainakili. Akaifunga kadi tena na kuijaribu, ingawa alijua wiki tatu baadaye ataifungua upya.

Hapo ndipo alipochora njia ya maji, na mimi nikafanya kosa la msomi. Niliona ana penseli moja tu, nikamwambia angetumia nyekundu kwa maji ya moto na bluu kwa maji ya baridi, ingependeza. Hakucheka. Aligeuza karatasi, akaniandikia hesabu kama anavyomwandikia mwanafunzi. Pampu yake itasukuma kama lita 4 kwa dakika. Lita 4 kwa dakika zikipita kwenye wati 500, maji yanapanda nyuzi 2, hata hazifiki. Na maji hayo hayazunguki mara moja kwa saa. Kuna lita moja tu ndani ya mzunguko wote, inapita kila mahali mara nne kwa dakika. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye kadi na yanayoingia kwenye prosesa yametofautiana kidogo kuliko homa ya mtoto na afya yake. "Mzee, humu hamna maji ya moto na maji ya baridi. Kuna maji."

Nilipofika nyumbani niliirudia hesabu ile kwa kikokotoo. Iko sawa. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, na ndiyo maana maji kidogo hivyo, yakitembea mfululizo, yanatosha.

Basi kama mpangilio hauna tofauti kwa joto, fundi anachoraje njia? Anachora kwa kufuata mambo mengine. La kwanza ni tangi: lazima likae juu ya mdomo wa pampu, maji yaiangukie yenyewe, kwa kuwa pampu ya aina hii hulainishwa na maji yanayopita ndani yake, na ikizunguka kavu inajisaga. La pili ni mabomba mafupi yasiyopishana. La tatu, na hili ndilo alilokaa nalo muda mrefu kuliko yote, ni siku ambayo maji yatatolewa. Alisimamisha keisi, akailaza, akaiinamisha mbele, akaiinamisha nyuma, akijiuliza kila safari maji ya mwisho yatakimbilia wapi. Kwenye mdomo wa pampu, sehemu iliyo chini kuliko zote, akachora fitingi ya matawi matatu, na tawi la tatu akalitia koki. Nimeona nyumba za ghorofa zilizojengwa bila mtu kuwaza maji machafu yatatokea wapi.

Mwisho njia ikawa hivi: tangi na pampu, prosesa, rejeta ya juu, kadi, rejeta ya mbele, na kurudi tangini. Vyombo vitano, kila kimoja na mlango wa kuingilia na wa kutokea, ni fitingi kumi. Akaagiza kumi na mbili. Bomba la akriliki alihitaji mita mbili, akaagiza nne. Nilimuuliza mbona bomba amelizidishia maradufu. "Fitingi siipindi," akajibu.

Kuna rejeta ya alumini ilikuwa inauzwa mjini kwa bei nafuu, haihitaji kungoja meli wala ndege. Aliikataa bila kuigusa. Bloku zake ni za shaba, na shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yaleyale, alumini huliwa polepole mpaka itoboke, na unga wake ukazibe mapezi ya bloku, ambayo ni membamba kiasi kwamba ukiyatazama unadhani ni kitambaa. Rejeta zake zote mbili ni za shaba. Vijana wa Marekani na Ulaya walioanza mchezo huu miaka ya 1990 walitumia rejeta ndogo za kupashia joto ndani ya gari, wakizinunua kwa wauza magari chakavu, na waliotaka zidumu walichagua za shaba. Kompyuta kubwa zilikuwa zimeanza mapema zaidi. Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa mzimamzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Fundi anayajua hayo, ila hayamshughulishi sana. Yeye huongea zaidi kuhusu mafundi wa rejeta za magari wa eneo la Gerezani.

Mzigo ulipofika hakufunga chochote. Aliosha. Rejeta mpya hubaki na uchafu wa kuchomelea ndani, na uchafu huo una asidi. Alizijaza maji ya moto, akaziba milango, akatikisa kila moja kama mtu anayepepeta mchele, kisha akamwaga kupitia kitambaa cheupe. Mara ya kwanza kitambaa kilibaki na chembe za kijivu na vipande viwili vya risasi. Mara ya nne kikabaki na chembe moja. Mara ya sita kilikuwa cheupe, akatikisa ya saba.

Maji ya suuza ya mwisho, na ya kujazia pia, hayakutoka bombani. Sisi wa pwani tunajua birika zetu zinavyoota ukoko, na visima vingi vya huku vina chumvi. Alitumia maji yaliyokenekwa, jamii ya yale tunayouziwa kama maji ya betri, lakini lebo aliisoma neno kwa neno, maana kuna chupa zinazofanana nayo zenye asidi ndani. Humo akatia dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia ukungu, kwa kipimo cha sindano isiyo na ncha.

Kupinda bomba ndiko nilikokuja kukutazama. Akriliki ni ngumu na wazi kama kioo, na ukiipinda baridi inavunjika. Kwanza alipitisha ndani yake kamba ya mpira wa silikoni, ili kona isijikunje ikaminya njia. Akaweka alama kwa penseli laini pale kona itakapoanzia. Kisha akawasha kipulizia hewa ya moto, akaanza kulizungusha bomba juu yake kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, kasi moja, bila kusimama mahali, kama mtu anayechoma hindi na hataki liungue upande. Hakutazama saa. Alitazama ncha. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha ncha ikaanza kuinama yenyewe, kidogo tu, kama imesinzia. Hapo akazima, akalilaza bomba kwenye kibao chenye kona ya digrii 90, akaligandamiza kwa kiganja chenye glavu na kukaa nalo. Hakulipulizia wala kulimwagia maji. Alikaa nalo kimya mpaka joto liishe lenyewe, na mimi nikajikuta nimebana pumzi.

Kona ilikuwa nzuri machoni mwangu. Akaiweka kwenye skwea ya seremala, akaitazama dhidi ya taa, akaona mwanga mwembamba unapita. Imezidi digrii moja, labda mbili. Akaiweka chini ya meza, pamoja na nyingine tatu zilizotangulia. Kwa bomba la mpira digrii mbili si kitu. Bomba gumu likiingia kwenye fitingi limeinama, linaelemea oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, upande mmoja, na upande ule mwingine siku moja utatoa tone. Ya tano ndiyo aliyokubali.

Alilikata kwa msumeno wa meno madogo, akapiga msasa mdomo wake, kisha akachonga ukingo wa nje mpaka ukawa na mwinamo. Akapitisha kidole. Akachonga tena. Ukingo mkali huikata oringi wakati wa kuingia, na oringi iliyokatwa haionekani kwa nje. Alizilowesha oringi maji, akasukuma bomba huku akilizungusha, likaingia kwa sauti ndogo ya kunyonya. Mabomba matano yalimchukua jioni tatu.

Kabla ya tone la maji kuingia, aliijaribu mashine kwa hewa. Alifunga pampu ndogo ya mkono yenye geji, akajaza hewa mpaka nusu baa, akaenda kusali magharibi. Aliporudi sindano ilikuwa palepale. Kisha akachomoa nyaya zote za mazabodi na kadi, akaacha pampu peke yake kwenye umeme, na chini ya kila fitingi akakunja kipande cha tishu. Akamimina maji tangini, akawasha pampu sekunde mbili, akazima, akamimina tena. Mapovu yalipita kwenye kona kama shanga. Aliiinua keisi upande mmoja, akaiinamisha, akaigonga rejeta kwa vifundo vya vidole, na kila alipogonga likatoka povu lililojificha. Kazi hiyo ilikwenda mpaka saa nne usiku. Pampu aliiacha inazunguka hadi asubuhi, naye akalala palepale kwenye kochi.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni. Alikuwa amezipanga tishu mezani kwa mstari, kumi na moja: kumi za fitingi na moja ya koki. Alininyooshea moja niishike. Kavu.

Nyaya zilirudishwa mahali pake, na kutwa nzima mashine ilichakata kazi halisi ya dada. Feni hakuzifungamanisha na joto la prosesa, linaloruka na kushuka kila sekunde, bali na kihisi kilichozama ndani ya maji, ambayo hayana pupa. Kwa hiyo sauti haikupanda na kushuka, ilikuwa mvumo mmoja wa chini ambao baada ya dakika kumi sikuusikia tena. Chumba kilikuwa na nyuzi 31. Maji yalipanda kwa zaidi ya nusu saa, yakatulia kwenye 43. Fundi alifungua karatasi yake ya kwanza, akatazama ile 42 aliyoikadiria kwa chumba cha nyuzi 30, akaikunja.

Dada aliichukua Jumamosi. Pamoja na mashine alikabidhiwa fitingi mbili za akiba, kipande cha mpira cha kuvalisha kwenye koki, na mchoro ule wa penseli moja. Nyuma ya mchoro palikuwa na tarehe, mwaka mmoja kamili kutoka siku ile, na maneno mawili: kumwaga maji.